KONA YA MWALIMU: Udaktari, chuo gani?

Juzi mwanafunzi mmoja kaniuliza: "Mwalimu, nichague Muhimbili au Bugando?" Nikamwambia, jina la chuo lisubiri kwanza.

Moja, cheti chako cha Kongo au Burundi kimeshalinganishwa NECTA? Mbili, chuo kinatambuliwa na TCU? Tatu, nani analipa? Udaktari hapa Tanzania ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Mfadhili akilipa miaka 3, iliyobaki utaitoa wapi?

Mimi mwenyewe niliwahi kuchagua chuo, cheti kikachelewa, dirisha la maombi likafungwa. Sasa nafundisha hapa kambini. Jamani, anzeni na cheti mapema! Tuonane mwezi ujao.