NGAZI HAINA SHEREHE



Jioni ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Watoto 14 walikufa. Hapakuwa na moto wala tetemeko la ardhi. Ilikuwa saa ya kutoka darasani tu.

Serikali haiwezi kudai kwamba haikujua. Moto wa Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67 mwaka 2001. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni, wenye maagizo juu ya milango, mabweni na ngazi. Maarifa yalikuwapo, kilichokosekana ni nia.

Fedha je? Katika uchaguzi wa 2013 wanasiasa waliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya mabilioni ya shilingi ikafutwa 2014. Mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kugawanywa. Sipingi elimu ya kisasa, la hasha! Napinga serikali inayotanguliza kinachokabidhiwa mbele ya kamera na kuahirisha ngazi, kwa kuwa ngazi haina sherehe.

Waliopigania kufutwa kwa Kifungu cha 2A, Desemba 1991, hawakuteswa ili vyama vishindane kwa ahadi. Walitaka serikali inayoulizwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, yasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Kifungu cha 201 chatupa haki ya kushiriki katika mambo ya fedha za umma.

Basi tuulize. Gavana atajibu, na kwa haki, kwamba kaunti hushughulikia chekechea. Muulizeni waziri. Muulizeni mbunge, maana hazina ya eneo bunge hujenga madarasa.

Nanyi waumini, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wafadhili wa shule viti 3 katika halmashauri ya usimamizi, na wazazi viti 6. Viti hivyo 9 si vya heshima. Katika mkutano ujao ulizeni: ngazi ni ngapi, na upana wake ni upi? Milango yafunguka upande gani? Ukaguzi ulifanywa lini? Mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Septemba 2024 wavulana 21 waliteketea bwenini Endarasha, Nyeri. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twachimba makaburi. Hadi lini?