Salt-N-Pepa na kesi ya "Push It": mwenye wimbo ni nani?

Msikilizaji, "Push It" ni wimbo unaojulikana hata na wasiojua Kiingereza. Kinanda kikianza tu, watu wanainuka kucheza. Lakini wanawake wawili ambao sauti zao zimo humo, Cheryl James (Salt) na Sandra Denton (Pepa), hawamiliki rekodi hiyo. Mei 2025 waliishtaki kampuni ya Universal Music Group mjini New York wakitaka kurudishiwa rekodi zao. Januari 2026 jaji aliitupilia mbali kesi hiyo. Kwa nini?

Wimbo ulivyoanza

Salt na Pepa walikuwa wanafunzi wa chuo eneo la Queens, New York. Mwenzao, Hurby Azor, aliwaingiza kwenye muziki, akawa prodyuza na mtunzi wao. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1986, zama ambazo hip-hop ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume.

"Push It" ilitoka 1987 ikiwa upande wa pili wa santuri ya "Tramp". DJ mmoja wa San Francisco, Cameron Paul, akaichanganya upya na redio zikaipokea. Mwaka 1988 ilifika nafasi ya 19 Marekani na ya 2 Uingereza. Juni mwaka huo waliimba Wembley, London, kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, wakati huo akiwa bado gerezani. Mwaka 1995 walipata tuzo ya Grammy.

Haki iko wapi?

Wimbo mmoja una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na tuni. Ya pili ni ya rekodi yenyewe iliyotoka studio, ambayo wasanii huiita masta. Rekodi ikitumika kwenye filamu, tangazo au mtandaoni, mwenye masta ndiye anayetoa ruhusa na kulipwa kwanza. Mwimbaji hupata kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake.

Sheria ya Marekani ya 1976 inamruhusu msanii aliyetoa haki zake kuzirudisha baada ya miaka 35, mradi atoe taarifa mapema. Iliwekwa kwa sababu wasanii wengi husaini wakiwa wachanga, hawajui kazi yao itakuja kuwa na thamani gani. Salt na Pepa walitoa taarifa hiyo 2022. Universal ikakataa.

Jaji aliangalia mikataba ya 1986. Aliona kwamba rekodi zilikuwa za kampuni ya Azor, na kampuni hiyo ndiyo iliyozipeleka kwa lebo. Kwa kuwa wanawake hao hawakuwahi kuzimiliki, hawakuwa na cha kurudishiwa. Ni sawa na kudai shamba ambalo hati yake haijawahi kuwa na jina lako, hata kama ni wewe uliyelilima miaka yote.

Azor naye alifanya kazi kubwa, hilo halipingiki. Tatizo ni kwamba kijana anayeanza mara nyingi hasaini na kampuni kubwa. Anasaini na prodyuza, rafiki au ndugu, naye ndiye anayekwenda kwa wakubwa. Kwa hukumu hii, ulinzi wa miaka 35 unampita kijana huyo.

Sisi linatuhusu vipi?

Kanuni ya miaka 35 ni ya Marekani, usiitegemee huku. Lakini kwaya, vikundi vya ngoma na mabinti wanaorekodi kwenye studio za mjini wako kwenye hali hiyo hiyo. Kabla ya kuingiza sauti, ulizeni: masta itakuwa ya nani? Akaunti ya YouTube itafunguliwa kwa jina la nani? Studio ikiuza kwa mtu mwingine, sisi tutapata nini? Mkataba unaisha lini?

Majibu yaandikwe, kila upande ubaki na nakala. Kwa Tanzania, kazi inaweza kusajiliwa COSOTA, lakini usajili haufuti mkataba mliosaini. Kama karatasi ni ya Kiingereza na hamkielewi, mtafuteni mtu wa kuwasomea ambaye si wa studio hiyo, na msisaini siku hiyo hiyo.