Komisionere wa kazi za ng'ambo apelekwe parke, si kwa shefu wa kartie

Familia ikilipwa fidia kwa sababu kampani ya madini imepanua shimo lake hadi kwenye nyumba za watu, habari haikai siri. Kabla pesa hizo hazijanunua kiwanja kingine, komisionere amekwisha kubisha mlango. Zamani aliuza nafasi ya kazi katika kampani za hapa hapa Kolwezi. Leo anauza pia Dubai, Oman, Uturuki na Canada.

Anakuja na karatasi yenye mhuri na picha kwenye simu. Anaomba pesa ya dosie, kisha ya viza, kisha ya tiketi. Kijana anapandishwa basi hadi Lubumbashi, karibu kilometa 300, anaambiwa asubiri kidogo. Wiki zinapita. Namba ya komisionere haipatikani tena, na pesa ya nyumba imekwisha.

Wizi huo unauma, lakini kinachofuata ndicho kinachompa komisionere nguvu ya kuendelea. Familia inakwenda kwa shefu wa kartie, au kwenye ofisi ndogo ya polisi. Komisionere anaitwa, analia kidogo, anasaini karatasi kwamba atarudisha pesa kila mwisho wa mwezi. Analeta dola hamsini mara moja, halafu anahama Manika na kuanza upya Dilala.

Karatasi ile imegeuza wizi kuwa deni. Deni ni jambo la watu wawili, na polisi hawana kazi ya kumfunga mtu kwa deni. Komisionere anajua hilo vizuri kuliko mama aliyemlipa.

Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa kinamwadhibu anayechukua mali ya mtu kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Hiyo ndiyo eskrokeri. Na kama kijana amesafirishwa kwa uongo ili atumikishwe huko alikofika, jambo ni zito zaidi. Sheria namba 22/067 ya mwaka 2022 imeingiza biashara ya watu katika sheria ya makosa, na anayetafuta watu kwa udanganyifu ili wengine wawatumikishe anaguswa nayo hata kama yeye mwenyewe hajavuka mpaka.

Watu watajibu kwamba familia inataka pesa yake, haitaki kumuona mtu Dilala prizoni. Jibu hilo lina uzito, hasa kwa watu waliohamishwa ambao wanalala kwa ndugu na kulipa nauli kila wanapoitwa. Lakini mbele ya hakimu mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mwenye kudhulumiwa anaweza kujiunga na kesi kama mlalamikaji wa madai na kuomba arudishiwe pesa pamoja na fidia. Anaweza hata kumwita mshitakiwa moja kwa moja mbele ya tribinali ya amani, ambayo ina uwezo wa kuhukumu kosa la miaka 5. Na karatasi ya shefu wa kartie, kwa miezi yote hiyo, imerudisha dola ngapi?

Parke nayo ina deni lake. Lalamiko moja la dola mia tano linaonekana dogo mezani, na sheria inaruhusu makosa madogo yamalizwe kwa faini bila kesi. Lakini namba moja ya simu inaweza kuwa imepokea pesa za familia nyingi, kuanzia Kolwezi hadi Fungurume na Kasaji. Ni kazi ya parke kuunganisha malalamiko hayo kuwa dosie moja, na kutangaza redioni kwamba wengine waliodanganywa na mtu huyo wajitokeze. Mtu aliyekula familia ishirini asihesabiwe kama aliyekosana na jirani yake.

Kenya, ambayo raia wake wengi wako Uarabuni, mamlaka ya taifa ya ajira hutoa orodha ya mawakala wenye ruhusa, na mtu anaweza kutafuta jina kabla ya kulipa. Uongo haukuisha huko, lakini anayetaka kuuliza anajua pa kuuliza. Hapa kuna ONEM na idara ya kazi ya jimbo. Orodha ya mawakala wenye ruhusa ingebandikwa kwenye komuni ya Dilala na ya Manika, na hata kama ni tupu, ukurasa mtupu ungesema mengi. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba namba 181 wa mwaka 1997, linasema kwamba wakala hatakiwi kumtoza mtafuta kazi pesa, isipokuwa kwa nafasi chache zilizoruhusiwa waziwazi. Komisionere wa Kolwezi huanza na pesa.

Wapo vijana ambao, wakirudi kutoka Lubumbashi, wanafuta kila kitu kwenye simu kwa sababu ya haya. Sauti za WhatsApp, ujumbe wa Airtel Money au Orange Money, picha ya karatasi yenye mhuri: hivyo ndivyo vitu OPJ atakavyoomba siku ya kwanza.