Runinga ya Plasma na Hesabu za Mnunuzi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilinijia hivi majuzi nilipofuatana na walimu wenzangu kwenda kununua runinga ya darasa. Muuzaji wa vyombo vilivyokwisha tumika alituonyesha runinga pana ya plasma, ya inchi 42, kwa bei ya kutupa. Ubavuni ilikuwa imebandikwa karatasi yenye tarakimu 1024 kwa 768. “Walimu, picha yake haina kifani,” alituapia. Je, alisema kweli?

Kioo cha plasma kina tabaka mbili za bilauri, na baina yake vijumba vidogo mno vilivyojazwa gesi, hasa neoni na zenoni. Umeme upitapo, gesi hutoa miale ya urujuanimno, nayo hugonga unga maalumu uliopakwa ndani ya kijumba, ukang'aa kwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Vijumba vitatu, kimoja cha kila rangi, hufanya nukta moja ya picha.

Basi tuzidishe. Plasma nyingi za awali zilikuwa na nukta 852 kwa 480, yaani 408,960. Ile tuliyoonyeshwa ilikuwa na 786,432. Runinga ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, zaidi ya mara mbili na nusu. Tena, kioo kile kina umbo la 16 kwa 9, hali 1024 kwa 768 ni uwiano wa 4 kwa 3. Mwanafunzi mwerevu atatambua kwamba nukta zake si mraba. Zimetanuliwa kwa upana ili kukijaza kioo.

Hata hivyo, nisimdhulumu muuzaji. Wingi wa nukta sio ubora wote wa picha. Kila kijumba cha plasma hujitolea nuru yake, hivyo penye giza picha huwa nyeusi kwelikweli, ilhali runinga ya LCD hutegemea taa iliyo nyuma ya kioo, na sehemu ya nuru hiyo huvuja. Plasma hutazamika vyema hata kutoka pembeni, na mpira ukipigwa kwa kasi hauachi ukungu. Ndiyo maana wapenzi wa sinema waliienzi.

Lakini darasa si ukumbi wa sinema. Madirisha yetu yako wazi na jua ni kali. Bilauri ya plasma hurudisha mwanga huo machoni, na picha ikafifia. Plasma pia hula umeme kuliko runinga za LED za ukubwa uo huo. Na mchoro ukiachwa pale pale kwa muda mrefu, huweza kuacha alama isiyofutika. Ni mwalimu gani asiyeacha mchoro kiooni akifafanua? Isitoshe, Panasonic ilikomesha utengenezaji wa plasma mwaka 2013, Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Vipuri vitatoka wapi?

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni chanzo cha picha. Diski ya DVD ya mfumo wa PAL hubeba nukta 720 kwa 576. Hata ukiicheza katika kioo chenye nukta milioni nane, mashine itakisia tu yale yasiyokuwamo. Mtungi mkubwa hauongezi maji ya kisima.

La kushangaza ni kwamba plasma ilizaliwa shuleni. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson waliibuni kwa ajili ya PLATO, mfumo wa kompyuta wa kufundishia. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya wanafunzi leo chaweza kumlaghai mwalimu asiyepiga hesabu!

Hatukuinunua. Fedha zile zilikuwa jasho la wazazi, na anayezishika hana budi kujua anachokilipia. Naam, nawasihi walimu wa hisabati na fizikia: ileteni darasani karatasi ile ya dukani. Uwiano, kuzidisha, nuru na umeme vyote vimo humo. Mwanafunzi akishaisoma mwenyewe, hatahitaji kiapo cha muuzaji yeyote.