Kadi Mpya, Kompyuta Nzito Kuamka

Yako malalamiko ambayo mafundi wa kompyuta huyasikia mara kwa mara, nayo ni haya: mashine ilikuwa ikiwaka vyema, ikaongezwa kadi moja tu, na tangu siku hiyo imekuwa nzito kuamka. Haikuharibika, maana ikishaamka hufanya kazi zake zote kama zamani. Lakini kati ya kubonyeza kitufe na kuanza kazi, mtu aweza kuchemsha chai.

Chukulia duka dogo la kuchapa barua na kutoa nakala, lililo karibu na ofisi za wilaya. Radi ilipiga wakati wa masika, ikapitia waya wa mtandao na kuunguza tundu la waya huo katika ubao mkuu. Hasara ya namna hii ina dawa rahisi: hununuliwa kadi ya mtandao, ikatiwa katika mwanya mmojawapo wa ubao mkuu, na mashine hurudi mtandaoni pasipo kubadilishwa ubao mzima. Ndivyo ilivyofanyika. Kabla ya kadi, kompyuta iliwaka kwa nusu dakika. Baada ya kadi, kwa dakika moja na nusu. Dakika moja ni kitu gani? Mahali ambapo umeme hukatika mara tatu au nne kwa siku, na wananchi wamepanga foleni mlangoni wakingoja hati za watoto wao wa shule, dakika hiyo ina bei yake. Fundi wa kwanza kuitwa alitazama kidogo, akasema, "Mama, mashine hii imeingiwa na virusi. Dawa yake ni kuifuta yote na kuijaza upya." Kuifuta yote maana yake ni kupoteza barua, mikataba na orodha za wateja za miaka mingi, kama hazina nakala mahali pengine.

Kabla ya kukubali tiba kali namna hiyo, yafaa swali moja lijibiwe: kuchelewa huko kunatokea wapi? Kuamka kwa kompyuta kuna sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, programu iliyomo ndani ya ubao mkuu wenyewe, iitwayo BIOS, au UEFI katika mashine za siku hizi, huhesabu vifaa vyote na kuvikagua. Katika sehemu ya pili, mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, husomwa kutoka katika diski na kushika usukani. Mtu achukue saa yenye mshale wa sekunde, abonyeze kitufe, aandike sekunde zilizopita hadi alama ya mfumo endeshi itokee, kisha sekunde za kutoka hapo hadi kazi iweze kuanza. Katika kompyuta nyingi zenye Windows 10 au 11, mashine yenyewe hutoa hesabu ya sehemu ya kwanza: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa programu zinazoanza na mashine, na sekunde hizo zitaonekana zimeandikwa pembeni.

Kipimo hiki kina mtego mmoja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima mashine kwa njia ya kawaida mara nyingi si kuzima kamili. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa katika diski ili mashine iwahi kuamka. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika hupatikana kwa kuchagua kuanzisha mashine upya, wala si kuizima na kuiwasha. Hali kadhalika, mwamko wa kwanza baada ya kutia kadi usihesabiwe. Mashine huweza kutumia muda kupanga vifaa vyake upya, na mashine mpya hata kuipima kumbukumbu yake upya. Ikiwa mwamko wa pili na wa tatu ni wa kawaida, hakuna ugonjwa.

Katika duka lile, dakika nzima ilipotea kabla ya alama ya Windows kutokea. Hapo hoja ya virusi huanguka. Jambo linalotendeka kabla diski haijaanza kusomwa haliponywi kwa kuifuta diski. Fundi angeweza kuijaza Windows upya mara kumi, na kila mara dakika ile ingebaki mahali pake.

Basi dakika hiyo hutumiwa na nani? Yafaa ikumbukwe kwamba kadi si kipande cha chuma na waya tu. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na nafasi 5 za kadi, na wakati wa mashine za ukoo huo uliwekwa utaratibu kwamba kadi iweze kubeba programu yake ndogo ndani ya kumbukumbu ya kudumu. BIOS hupita ikitafuta alama maalumu, na ikiiona huipa programu ile nafasi ya kufanya kazi hadi imalize. Desturi hiyo imeendelea, kwa sura mpya, hadi leo. Kadi nyingi za mtandao zimebeba programu ya namna hii, na kazi yake ni kuiwezesha kompyuta kuamka kwa kuchota mfumo endeshi kutoka katika mashine nyingine, kupitia waya. Ni jambo la manufaa makubwa katika shule yenye kompyuta arobaini zisizo na diski. Katika duka lenye kompyuta moja halina kazi.

Programu hiyo ya kadi, inayojulikana kwa herufi PXE, hutuma ombi katika mtandao na kungoja. Isipopata jibu linalofaa hutuma tena, na kila mara huongeza subira yake maradufu: sekunde 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Jumlisha, nazo ni sekunde 60. Dakika iliyopotea dukani imepatikana. Katika mashine za UEFI muda waweza kurefuka zaidi, kwa kuwa nyingine hujaribu kwa anwani za mtandao za aina ya zamani, kisha hurudia kwa zile za aina mpya. Mwenye macho makini ataona maandishi yenye herufi PXE au DHCP yakitokea katika skrini nyeusi. Wengi huyaona kila siku bila kuyasoma.

Tiba yake haigharimu kitu. Mashine inapoanza kuwaka, bonyeza mara kadhaa Del au F2, kutegemea aina ya ubao, hadi ukurasa wa mipango ya BIOS ufunguke. Tafuta orodha ya vifaa vya kuamkia. Baadhi ya mbao, zikiona kifaa kipya kinachoweza kuamsha mashine, hukiweka juu ya orodha pasipo kuuliza. Rudisha diski nafasi ya kwanza, kisha uzime kabisa kipengele cha kuamkia mtandaoni. Hifadhi, toka, pima tena kwa saa. Mtandao wenyewe hautadhurika, maana ukishaingia Windows kadi huendeshwa na programu nyingine kabisa.

Kwa mwenye shaka, ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kuitoa kadi na kupima. Waya wa umeme uchomolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kidogo ili umeme uliobaki uishe, na mkono uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Kasi ikirudi, mkosaji amejulikana.

Kadi za kuongeza diski zina tabia tofauti. Nazo zina programu yao, ambayo hubisha hodi katika kila tundu na kungoja kila diski izunguke na kuitikia. Nyingine huziamsha diski moja baada ya nyingine kwa makusudi, ili kisanduku cha umeme kisielemewe, kwa hiyo kuchelewa kidogo huko ni kwa heri. Diski moja iliyochoka huweza kuzishikilia zote. Zichomolewe kwa zamu na muda upimwe. Ikiwa diski za kadi hiyo ni za kuhifadhia mafaili tu, programu ya kadi yaweza kuzimwa katika BIOS. Lakini kama mfumo endeshi wenyewe umo katika diski iliyounganishwa na kadi hiyo, usiizime, maana mashine haitaamka.

Kadi ya picha ya zamani ina shida yake. Isipokuwa na programu ya UEFI, ubao mkuu hulazimika kurudia njia ya zamani ya kuamka, iliyo nzito zaidi. Hapa wengi huharakisha kubadili mpangilio huo katika BIOS, na mashine hukataa kuwaka kwa sababu diski iligawanywa kwa utaratibu mwingine. Heri kuvumilia sekunde chache.

Ikiwa kuchelewa ni baada ya alama ya mfumo endeshi, kadi haina programu yake ya kuiendesha, au imepewa isiyofaa. Katika Windows, orodha ya vifaa huiwekea alama ya njano. Katika Linux, andika systemd-analyze blame, nayo itataja kila kazi na muda iliotumia. Huko Linux pana kisa cha ajabu kidogo: tundu la mtandao hupewa jina kufuatana na mahali lilipo, na kadi yoyote mpya, hata isiyo ya mtandao, yaweza kusogeza hesabu hiyo. Tundu lililoitwa enp3s0 laamka likiitwa enp4s0, huku faili la mipango likilingoja lile la zamani, na mashine husubiri hadi dakika 2 kabla ya kukata tamaa. Jina likisahihishwa katika faili, subira hiyo huisha.

Limebaki jambo la betri. Ndani ya ubao mkuu mna betri ndogo ya duara, aghalabu ya aina ya CR2032, yenye volti 3. Ndiyo inayotunza saa, na katika mbao nyingi za zamani hutunza pia mipango ya BIOS wakati umeme haupo. Ikichoka, kila umeme ukikatika mashine husahau yote: tarehe hurudi nyuma miaka mingi, kuamkia mtandaoni huwaka tena, na ile dakika moja hurudi. Mwenye duka aliyerekebisha Jumatatu akaona ugonjwa umerudi Jumanne aitazame tarehe kwanza. Ikiwa imerudi nyuma, anunue betri, aipachike upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu kama ile ya kwanza ilivyokuwa, kisha arudie kuzima kile kipengele katika BIOS.