Ufagio Si Ngazi ya Kupandia Madhabahuni

Kuna hubiri lililozoeleka mno makanisani kwetu hata hakuna anayelihoji. Kijana amepewa kazi ya kufagia kanisa na kupanga viti, na mhubiri anamtia moyo: tumika kwa uaminifu, usinung'unike, ipo siku Bwana atakuinua nawe utasimama hapa niliposimama mimi. Kanisa zima linaitikia amina. Mimi siitikii. Hubiri hilo linaharibu utumishi, na linaharibu uongozi pia.

Kijana huyo anafundishwa kwamba kufagia ni adha ya muda tu. Anafagia huku jicho lake liko kwenye kipaza sauti. Miaka ikipita bila kuitwa mbele, anaona amedhulumiwa. Ni sharika ngapi zimemeguka kwa sababu ya mtu aliyelalamika kuwa ametumika sana na hakuonekana? Lakini aliyefanikiwa kupanda ananitia hofu zaidi. Akishafika juu anajiona amehitimu. Anabebewa Biblia, anafunguliwa mlango wa gari, na mgonjwa wa mtaa wa pili anapelekewa salamu na katibu. Tusiseme cheo kimembadilisha. Ndivyo alivyolelewa.

Wanaotetea hubiri hili hukimbilia Mathayo 25, mfano wa talanta: mwaminifu kwa machache huwekwa juu ya mengi. Ni kweli imeandikwa, ila wasiishie hapo. Aliyeleta faida ya talanta tano na aliyeleta faida ya mbili wanapokewa kwa maneno yale yale. Tena sura hiyo hiyo inafika mbele ya kiti cha enzi, ambako waliolisha wenye njaa na kuwaendea wafungwa wanashangaa kusifiwa, kwa kuwa hawajui ni lini walimhudumia Mfalme. Hawakuwa wakihesabu. Anayengoja kuinuliwa hawezi kushangaa namna ile, maana kila tendo lake analikumbuka.

Mfano wa njia nyingine upo: Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Mboga upande wa Kongo mwaka 1896 akiwa mwalimu wa Injili tu, na huko aliteswa kwa amri ya chifu. Baadaye alipata upadri wa Kianglikana, hata ukanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Vyeo vilimfuata lakini havikumng'oa. Alirudi Mboga, akafundisha watu kusoma, akaingia msituni kwa Wambuti, na huko Mboga akafia mwaka 1933. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwake.

Na leo? Utumishi wa namna hiyo bado upo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, walizipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele katika kazi ya kichungaji. Walijua kanisa linaishi nyumbani kwa watu. Fika kwenye nyumba mojawapo yenye mgonjwa wa kiharusi. Mama wa jumuiya ameingia asubuhi na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, kanga safi na kipande cha sabuni. Anamgeuza mgonjwa ubavu asije akapata vidonda vya mgongo, anamwosha, anabadilisha shuka, kisha anamkalisha na kumlisha kijiko kwa kijiko, akisubiri ameze kwanza, kwa sababu kumeza kumekuwa shida. Binti wa mgonjwa, aliyekesha, anapata kulala kidogo. Kesho atakuja mama mwingine, kwa kuwa huyu wa leo ndiye aliyewakusanya wenzake, akawaonyesha jinsi ya kumgeuza mtu bila kumuumiza, na akapanga zamu.

Huyo ni kiongozi, tayari, kamili. Kumwambia kwamba iko siku Mungu atamwinua ni kumvunjia heshima. Ainuliwe kutoka wapi?

Basi baraza la wazee linapokaa kupendekeza majina, liache kutafuta nani anaomba kwa sauti kubwa na nani ana gari. Liende likawaulize wagonjwa, wajane na wafiwa: ni nani aliyekuja, na ni nani aliyerudi baada ya matanga? Na mchungaji aliyeingizwa kazini juzi aandikwe kwenye zamu ya wiki ijayo pamoja na akina mama. Kutawadha miguu ya watu kumi na wawili Alhamisi Kuu, mara moja kwa mwaka, hakutoshi. Aoshe sufuria za msiba siku yake ikifika, na asipofika aulizwe, kama anavyoulizwa mwanajumuiya mwingine yeyote.