Mlango Uliolowa Usipigwe Randa kwa Haraka



Leo tuna deni la kulipa. Ni deni la nasaha mbaya tuliyoitoa kwa nia njema, na aliyeigharimia si sisi bali ni dada yetu mmoja, mjane, mzaliwa wa huku pwani, anayeishi na watoto wake watatu nje kidogo ya mji wa Kericho. Marehemu mumewe alifanya biashara huko miaka mingi, na nyumba ile ndiyo mali aliyowaachia. Ametupa ruhusa kukisimulia kisa chake bila ya kumtaja jina, kwa kuwa anajua ziko familia zetu nyingi zilizotawanyika bara kwa kazi ya ualimu, hospitali na maduka, na mvua haichagui.

Mtakumbuka masika ya mwaka 2024. Mvua zilizoanza mwezi wa Machi, zilipofika mwisho wa Aprili zilikuwa zimekwisha kuwa msiba wa nchi nzima. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yaliwakuta watu wa Mai Mahiu vitandani mwao. Ufunguzi wa shule ukaahirishwa mara mbili, na tarehe 10 Mei ikatengwa kuwa siku ya kuwakumbuka waliofariki. Sisi wa pwani macho yetu yalikuwa Garissa na Mto Tana, na ilikuwa haki, kwani huko ndiko jamaa zetu walikohama kwa maelfu. Nchi ya chai hatukuifikiria. Tuliposikia kwamba nyumba ya dada yetu imeingiwa na maji, tuliuliza kama wengi wanavyouliza: mlimani mafuriko yanatoka wapi?

Yanatoka juu. Kericho iko mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Bomet haiko mbali na kimo hicho. Mito ya huko, kama Kipsonoi unaopita Sotik na Nyangores unaopita mji wa Bomet, hushuka kutoka msitu wa Mau. Palipopandwa chai, udongo hushikwa vizuri. Lakini barabara, mapaa ya mabati na viwanja vilivyosakafiwa havinywi maji, na kila tone lililokataliwa huko juu humtafuta aliyejenga chini. Nyumba ya dada yetu iko chini ya barabara. Mafuriko ya Tana hukaa siku nyingi, mtu akapita na mtumbwi penye shamba lake. Ya vilimani hupita kwa saa moja au mbili, yakaondoka na kuacha tope zito kuliko maji yenyewe. Ndani ya chumba cha watoto alama ya tope ilifika magotini.

Tuliwazuru siku chache baadaye, tukiwa safarini kwa ajili ya darsa. Tulikuta sakafu imekwisha oshwa na majirani, Mwenyezi Mungu awalipe, wengi wao si Waislamu na hawakungoja kuombwa. Kilichobaki ni mlango wa mbele. Ulikuwa wa mbao nzima za mti wa saiprasi, na ulikuwa umevimba hata haufungiki. Ulisimama nusu wazi kama mtu aliyekatizwa maneno. Mama mjane, mabinti wawili, mtoto mdogo, na mlango haufungiki! Tuliona ni dharura. Tukamwita fundi, tukamwambia aupige randa mpaka ukae. Fundi, kijana mwenye adabu, alisita kidogo akasema mbao bado ni mbichi. Tulimjibu kwamba sisi tunaijua milango. Ndivyo tulivyosema, Allah atusamehe, kwa kuwa tumekulia katika miji inayosifika kwa milango yake. Alipiga randa, mlango ukafunga, tukasoma dua na tukapanda basi.

Kule Mombasa au Lamu mlango ukilowa, jua la siku chache na upepo wa bahari huufanya uanze kurudi. Mbao za mvule na msaji nazo hazina pupa ya maji. Kericho mvua hunyesha karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, na asubuhi kuna ukungu. Mti wa saiprasi uliokunywa maji ya tope hauwezi kukauka kwa juma moja mahali kama hapo. Hukauka kwa majuma mengi, pengine miezi, na unapokauka hunywea kwa upana. Kilichokatwa na randa hakirudi. Ulipofika ukavu wa Januari, mlango tuliouona umekaa barabara ulikuwa umeachana na mwimo wake kiasi cha kupitisha kidole. Usiku mmoja mtu alipitisha waya katika mwanya ule, akalivuta komeo taratibu, akaingia. Alichukua mtungi wa gesi na simu. Dada yetu aliamshwa na baridi, akakuta mlango wazi na wanawe wamelala hatua chache kutoka hapo. Tangu usiku ule walilala na benchi limeegemezwa mlangoni, na bintiye mkubwa, ambaye ana mtihani mwaka huu, alikuwa akiamka mara tatu kulitazama.

Hayo ndiyo yaliyotufanya tukae chini na mafundi wawili, mmoja wa huku na mmoja wa Kericho, tuulize tulichopaswa kuuliza mwanzo.

Jambo la kwanza, walisema wote wawili, si mlango bali ni umeme. Maji yakifika kwenye soketi, swichi kubwa izimwe na mtu aliyesimama pakavu, na kama haifikiki pakavu, isiguswe mpaka waje watu wa umeme. Mlango wa chuma na nondo za dirisha huweza kubeba umeme usioonekana. La pili ni ukuta. Ukiona ufa mpya unaotoka pembe ya dirisha ukipanda mshazari, au mwimo umeachana na ukuta, hapo si kazi ya seremala. Aje mwashi kwanza, na watu wasilale ndani. Kabla ya kutengeneza chochote, piga picha kila mlango na kila dirisha. Mpangaji atazihitaji kwa mwenye nyumba, mwenye bima kwa bima yake.

Kisha tazama mlango wako ni wa aina gani. Ule mwepesi wa plaiwudi ulio mtupu ndani, ukishabambuka hauna dawa. Nunua mwingine wala usihangaike. Wa chuma uoshwe tope kwa maji safi, hasa kwenye bawaba na upande wa chini, ukaushwe, usuguliwe kutu, upakwe rangi ya kuzuia kutu. Wa mbao nzima ndio wenye thamani na ndio wenye kutaka subira. Uvuliwe bawabani. Ulazwe kivulini penye upepo juu ya vipande vitatu vya mbao, uwekewe uzito usipinde, mbali na moto na mbali na jua kali, kwa maana ukikaushwa kwa nguvu hupasuka. Fundi wa Kericho alitufundisha hila nyepesi ambayo mama yeyote anaweza kuifanya: pima upana wa mlango kwa uzi, katika mahali pale pale, kila Ijumaa, na utie alama kwa kalamu ya risasi. Uzi usipobadilika kwa majuma matatu mfululizo, mbao zimetulia. Hapo mwite mwenye randa.

Mtauliza, na siku zote hizo nyumba ilale wazi? Hasha. Hapo ndipo tulipokosea, tulidhani hakuna njia ila mbili, randa au uwazi. Mlango wa muda ungetosha: fremu ya mbao ndogo iliyopigiliwa bati, ikafungwa kwenye miimo kwa bawaba za kawaida, na kwa ndani pingo la mti mgumu linalokaa katika vyuma viwili ukutani. Pingo! Wazee wetu wote walikuwa nalo nyuma ya mlango, nasi tulilisahau tulipozoea vitasa. Halivutwi kwa waya.

Tumbuu ya kufuli isishikwe kwa skrubu fupi katika mbao zilizolowa, kwani zitang'oka kwa mkono. Itiwe bolti zinazopenya mlango mzima, na nati zikae ndani. Kitasa kilichoingia tope kitolewe, kioshwe kwa maji safi, kikauke kabisa, ndipo kitiwe mafuta ya mashine. Mafuta ya kupikia huganda na kuukamata ufunguo. Na kwa vile siku ya mafuriko watu wengi huingia na kutoka, wema na wasio wema, na funguo huzagaa, badilisha kitasa au kufuli hata kama bado kinafanya kazi.

Madirisha yana shida yake, kwa kuwa nyumba iliyolowa inataka hewa. Ukiyafunga mchana na usiku, kuvu itaota ukutani na vifua vya watoto vitaumia. Ukiyaacha wazi, umeita mwizi. Mchana yafunguliwe, mtu akiwepo, na usiku yafungwe. Kioo kilichovunjika kizibwe kwa ubao unaobanwa na kipande kingine cha mti kwa ndani, viwili vikishikanishwa na bolti ndefu, hivyo haung'oki kwa nje. Karatasi ya plastiki peke yake haitoshi Kericho, nchi inayojulikana kwa mvua ya mawe. Itadumu mpaka mvua ya kwanza. Nondo ni nzuri, lakini dirisha moja la kila upande wa nyumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua gizani. Maji au moto ukija mlangoni, pasipo dirisha hilo nondo zitawazuia wenye nyumba wasitoke.

Na fundi anapokuja, dada zetu wanaoishi peke yao wasiwe faragha naye. Aitwe jirani mwanamke au mahram, mlango ukae wazi, kazi ifanyike mchana.

Tumeulizwa na mmoja wenu kama kujishughulisha na makomeo ni upungufu wa tawakkul. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza milango ifungwe usiku kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, vyombo vifunikwe na taa zizimwe. Ni agizo la nyumbani kabisa, na kulifuata ni ibada. Mafakihi nao walilitilia uzito jambo hili: walipojadili hukumu ya wizi waliweka sharti la hirzi, yaani mali iwe imehifadhiwa mahali panapostahiki mfano wake, na mlango uliofungwa ukawa miongoni mwa mifano yao. Kwa hiyo kuilinda mali kumo ndani ya sheria yetu tangu kale.

Lakini upande wa pili usisahauliwe. Nyumba ambayo mlango wake umechukuliwa na maji bado ni nyumba ya watu. Surat An-Nur imetuamrisha kubisha na kutoa salamu, na imetukataza kuingia hata tusipomkuta mtu ndani, mpaka turuhusiwe. Tuliambiwa kwamba siku zile baadhi ya vijana walipita nyumba kwa nyumba wakitazama hasara kwa simu zao, wakipiga picha vyumba vya kulala vya watu. Hilo ni kuvunja sitara ya Muislamu na ya asiye Muislamu. Anayetaka kusaidia asimame penye kizingiti aite. Vyombo vilivyosombwa na maji vikakwama uani kwako navyo vina mwenyewe. Hukumu yake ni ya kitu kilichookotwa, hutangazwa, na kwa kitu chenye thamani muda wa kutangaza ni mwaka. Dada yetu alirudishiwa sinia la harusi yake miezi miwili baadaye, na mama wa Kikipsigis aliyelikuta katika safu za michai. Alikuwa amekwenda nalo kwa chifu kwanza, kisha kanisani, kisha msikitini, akiuliza ni la nani.

Mwezi wa Februari tulirudi Kericho, safari hii kwa ajili ya mlango tu. Tulimtafuta fundi yule yule na tukamtaka radhi mbele ya dada yetu, kwa kuwa alikuwa amesema kweli nasi tukamnyamazisha kwa umri wetu. Alicheka, akasema mbao husema zenyewe. Aliutoa mlango, akagandisha na kukaza kwa skrubu ukanda mwembamba wa mbao kavu upande wa bawaba, akahamisha komeo mahali pasipofikiwa kwa waya, na kwa ndani akatia vyuma viwili vya pingo. Pingo lenyewe alilichonga kwa mkaratusi. Ilikuwa karibu na magharibi alipomaliza. Bintiye mkubwa alilijaribu pingo mara nne, akalitoa na kulirudisha, kisha akalishika benchi upande mmoja na mdogo wake upande wa pili, wakalirudisha jikoni.